Chaza Aliyekuja Kukaa Nasi

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi kulea. Maneno hayo tumeyaona yakitimia hata kwa kiumbe asiyetembea wala kutoa sauti: chaza mkubwa wa miamba, ambaye wataalamu humwita tridakna.

Sisi ni familia ya watu watano, wenyeji wa Mombasa tunaoishi Minnesota, Marekani, mbali sana na bahari. Jirani yetu mzee alipohamia kwa binti yake, alituachia tangi lake la kioo la lita 400, pamoja na matumbawe na samaki. Baada ya mwaka mmoja wa kulizoea, kijana wetu wa miaka kumi na miwili aliomba chaza. Bei yake ilikuwa sawa na viatu vya baridi vya watoto wawili, kwa hiyo tuliketi sote tukashauriana.

Jinsi tulivyochagua

Kijana aliwapenda maksima, wale wa buluu inayometa, ambao hupatikana hata katika miamba ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chaza hawa hutandaza nyama yao nje ya gamba kama khanga iliyoanikwa, na ndani ya nyama hiyo umo mwani mdogo mno unaotengeneza chakula kwa mwanga. Taa hafifu ni njaa kwao. Maksima na krosea hudai mwanga mkali kabisa. Derasa, ingawa rangi yake ni ya kahawia na dhahabu tu, huvumilia zaidi. Taa yetu ilimtosha derasa.

Tulitaka pia aliyezaliwa shambani, si aliyeng'olewa mwambani. Chaza hawa wamevunwa mno baharini, na tangu mwaka 1985 biashara yao ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES. Visiwa kama Palau vimewafuga tangu miaka ya 1980.

Dukani tulipitisha mkono juu ya maji. Chaza mzima akiona kivuli hujikunja mara moja. Aliyeachama hovyo, au mwenye mabaka meupe kwenye nyama, tulimwacha. Tuliwaacha pia wadogo wa chini ya sentimita 5, maana ni dhaifu. Na kwa kuwa derasa aweza kufikia nusu mita, tulikubaliana mapema na rafiki mwenye tangi kubwa kwamba atampokea akituzidi.

Kumtunza

Tulimweka chini kwenye mchanga, tukamzoesha taa pole pole. Asipandishwe juu ya mwamba kwa haraka, na akishajishikiza mahali asing'olewe kwa nguvu, kwani nyuzi zake hukatika na mguu wake hujeruhiwa. Joto la maji tunaliweka nyuzi 25 hadi 26. Kila juma tunapima chumvi, alkali na kalsiamu, kwa kuwa gamba hujengwa kwa kalsiamu iliyomo majini. Maji yanayopungua kwa mvuke tunayafidia kwa maji safi yasiyo na chumvi. Usiku tunamulika chini ya gamba kutafuta konokono weupe wadogo kama punje za mchele, wanaomfyonza. Tukiwaona, tunawasugua kwa mswaki mpya.

Majira ya baridi yaliyopita umeme ulikatika kwa saa tisa. Tulilifunika tangi kwa mablanketi, tukawasha pampu ya hewa ya betri, tukapokezana zamu. Kijana alikataa kulala. Alijua kwamba chaza akifa na kuoza ndani ya maji, huweza kuwaua na samaki. Asubuhi taa ziliporudi, pindo la kahawia lilifunuka polepole, naye akaandika saa hiyo katika daftari lake la vipimo.

Daftari hilo analiandika mwenyewe sasa, bila kukumbushwa. Tulihama kutoka Mombasa akiwa na miaka tisa, na kwa muda mrefu hakuna kitu cha nyumba hii alichokiita chake.

Wazazi wenzetu, mtoto akiomba kiumbe hai, msikatae upesi wala msikubali upesi. Ketini naye mhesabu gharama, mahali, na nani atakesha. Kisha mnunue kile ambacho nyumba yenu inaweza kukilea, hata kama si kile kinachong'aa.