Pointi 4 siyo kiti

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, wadogo zangu wa Mpanda wananipigia: "Kaka, nina D mbili, chuo napata?"

Kuomba unaruhusiwa. Kozi nyingi za digrii zinataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4 kwenye masomo ya kozi husika, na D ina pointi 2. Udaktari ndo hautaki mchezo: Fizikia, Kemia na Biolojia zote, pointi 6 kwenda juu. Ila hicho ni kizingiti tu. Viti vinahesabika, na waombaji wakizidi, wenye pointi nyingi wanakaa kwanza.

Sasa hapa ndipo wengi wanakata tamaa bure. Kati ya 2010 na 2016 TCU ilikuwa inawapangia watu vyuo kwa mfumo mmoja. Tangu 2017 unaomba chuo kimoja kimoja, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Mwenye pesa anaomba vitatu, anachaguliwa vyote, halafu anathibitisha kimoja. Viti viwili vinabaki wazi. Ndo maana kuna awamu ya pili.

Binamu yangu alikuwa na ada ya chuo kimoja tu. Jina halikutoka, akarudi kwenye tumbaku ya mjomba. Tukamchangia, akaomba tena awamu ya pili. Leo yuko mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo wazee wangu wa Katavi, tumbaku ikilipwa, tengeni ada ya maombi mawili.