Ng'eno aliyeachwa langoni

Leo nina kosa la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita, shule moja ya bweni iliniomba niwatumie wazazi arafa ya siku ya kufunga. Nikaandika skripti ya sheli, nikapitisha orodha kwa xargs, ikakwama. Xargs huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, na jina kama Ng'eno lina ritifaa moja tu, kwa hivyo nukuu haifungwi. (Ng'ang'a, mwenye mbili, hupita salama lakini hutoka Nganga!) Usiku huo sikuyajua haya. Ilikuwa saa tano, nina usingizi, nikaongeza ukaguzi:

while IFS=, read -r jina simu; do
case "$jina" in
*[!A-Za-z\ ]*) continue ;;
esac

Yaani jina likiwa na chochote kisicho herufi wala nafasi, liruke. Alama ya mshangao ndani ya mabano ndiyo inayokanusha. Haihitaji grep, na kosa likatoweka. Nikalala nikijisifu.

Kesho yake jioni mwalimu akapiga simu. Mtoto mmoja alikuwa bado langoni na sanduku lake, mamake hana habari. Nikachapisha majina yaliyorukwa: Ng'eno, Ng'ang'a, Nyong'o, Ong'era. Nilikuwa nimeandika kichujio ambacho hata ng'ombe asingepita, mimi niliyefundishwa ritifaa darasa la pili! Mtoto alichukuliwa saa moja usiku.

Nikaitupa xargs, nikaweka alama za nukuu kila palipo na "$jina", na ukaguzi ukawa hivi:

*[!A-Za-z\'\ -]*) echo "$jina,$simu" >> kagua.txt; continue ;;

Kistari kikae mwisho, la sivyo sheli itadhani unataja masafa kama A-Z. Na continue isibaki peke yake tena: kinachorukwa lazima kiandikwe mahali.

Bado kuna mtego. Programu za kuandikia barua hupenda kuigeuza ritifaa kuwa ile iliyopinda, ’, ambayo katika UTF-8 ni baiti tatu na si alama ileile kabisa. Kwa hivyo naisawazisha orodha kwanza:

sed "s/’/'/g" orodha.csv

Muhula uliofuata kagua.txt ilikuwa na majina mawili. Nikayasoma kwa macho, nikawatumia wazazi wao arafa kwa simu yangu.