Kufuta Faili si Kuzima Utambulisho

Leo ningependa tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaoandika programu hulipa kisogo: kufunga. Mafunzo ya kufungua yamejaa tele mtandaoni. Kusajili kikoa, kuweka seva, kutoa vyeti vya kidijitali, hayo yote utafundishwa kabla chai yako haijapoa. Lakini hebu uliza namna ya kuzima ulichowasha, uone majibu yanavyokuwa mafupi.

Swali hili lilinijia kwa nguvu pale mteja wangu mmoja, chuo kidogo cha ufundi, alipoamua kufunga shughuli. Chuo hicho kilikuwa kimewapa wahitimu wake vyeti vya kidijitali, kila kimoja kikiwa na sahihi ya chuo. Mwenye chuo akaniambia, "Kijana wangu, wewe futa kila kitu. Hiyo seva inatula pesa bure."

Kabla sijaeleza nilivyomjibu, tuelewane kwanza kuhusu chombo chenyewe. Sisi Wakenya neno ugatuzi tunalijua vizuri tangu Katiba ya 2010. Utambulisho wa kidijitali uliogatuliwa una wazo la jamaa hiyo: jina lako halikai mikononi mwa kampuni moja kubwa, bali unalisimamia mwenyewe. Shirika la W3C liliupitisha msingi wake kuwa kiwango rasmi mwezi Julai 2022. Kuna njia nyingi za kuutekeleza, na iliyo rahisi kuliko nyingi ni did:web. Ukiona did:web:example.com, programu inayohakiki huenda kwenye https://example.com/.well-known/did.json na kusoma waraka uliopo. Ndani ya waraka huo mna ufunguo wa umma. Ufunguo wa siri, ule unaotia sahihi, hubaki kwa mwenyewe.

Sasa, mwongozo wa did:web unasemaje kuhusu kuzima? Unasema uondoe faili ya did.json, au uhakikishe kwamba haipatikani tena hadharani. Basi. Ukiusoma haraka utadhani mwenye chuo alikuwa sahihi kabisa. Mimi naona matatizo matatu.

La kwanza, kimya kina maana nyingi. Seva ikijibu 404, anayehakiki hajui kama utambulisho umezimwa au mtu amekosea kupanga folda. Jibu la 410 ni bora, kwa sababu linasema kitu kilikuwepo na kimeondolewa, na huenda kisirudi. Tena kuna seva zilizopangwa kurudisha ukurasa wa mwanzo kwa kila anwani zisiyoijua, zikijibu 200 kana kwamba mambo ni shwari. Faili umeifuta, lakini seva haijakiri.

La pili ni zito zaidi. Waraka wa did:web hauna historia. Anayehakiki husoma kilichopo leo, hawezi kuuliza ufunguo gani ulikuwa halali siku cheti kilipotolewa. Kwa hiyo ukiufuta waraka, cheti cha kila mhitimu hukosa wa kukitetea. Fundi wa umeme aliyefaulu kwa jasho lake atampelekea mwajiri cheti, na programu ya mwajiri itasema haiwezi kukithibitisha. Mhitimu huyo hana kosa lolote, ila anaonekana kama mwenye cheti cha kughushi.

La tatu ni kikoa chenyewe. Usipokilipia, siku moja kitarudi sokoni. Atakayekinunua ataweka seva yake, atapata cheti cha HTTPS bila shida, kisha ataweka did.json yenye funguo zake. HTTPS inathibitisha kwamba unazungumza na anayemiliki kikoa leo. Haisemi kama ni yule wa jana. Tapeli huyo ataweza kutoa vyeti vipya kwa jina la chuo kilichokufa, na vyote vitapita. Mwaka 2013 Yahoo ilipoamua kuwagawia watu wengine majina ya akaunti ambazo hazikuwa zimetumika kwa miezi 12, baadhi ya waliopewa majina hayo walianza kupokea barua pepe za wenyewe wa zamani. Jina lililotumika hubeba imani ya watu, na imani hiyo haiishi siku bili inapoacha kulipwa.

Basi tulifuata utaratibu huu. Kwanza tulihesabu vyeti vyote vilivyotegemea waraka ule. Chuo kingine, kilichokubali kutunza kumbukumbu za wanafunzi, kikavitoa upya kwa utambulisho wake, na wahitimu wakaarifiwa kwa SMS. Pili, tuliharibu ufunguo wa siri pamoja na nakala zake zote: kwenye seva, kwenye hifadhi ya akiba, na kwenye kompyuta ya ofisi. Ufunguo wenye nakala nne ukiharibu tatu, hujaharibu kitu. Tatu, tuliondoa kwenye waraka ruhusa ya kuingia kwenye mifumo, tukabakisha ufunguo wa umma kwa kuhakiki vyeti tu. Hapo chuo hakingeweza kutia sahihi mpya, ila sahihi za zamani ziliendelea kusomeka. Baada ya miezi sita ya kusubiri waliochelewa, tuliondoa waraka na kuweka jibu la 410. Kikoa tuliendelea kukilipia.

Hapo kwenye kulipia kikoa ndipo mzee alipokunja uso. Nilimwambia kwamba chuo kinaweza kufungwa, lakini jina lake liko mifukoni mwa vijana wanaotafuta kazi. Alinyamaza kidogo, kisha akalipia miaka kadhaa kwa mpigo.

Kwa anayeanza mfumo mpya, ipo did:webvh, ambayo hutunza kumbukumbu ya kila badiliko, na kuzimwa kwenyewe huandikwa humo. Mnunuzi mpya wa kikoa hawezi kuiendeleza kumbukumbu hiyo bila funguo za mwenyewe. Hata hivyo, lazima mtu aendelee kuiweka mahali inaposomeka.

Kwa hiyo msomaji, kama una seva yenye did.json, andika ukurasa mmoja tu wenye majibu haya: nani anautegemea, ufunguo wa siri una nakala ngapi, na nani atalipia kikoa baada yako. Andika ungali na nywila zote na mteja bado anapokea simu zako.