Kijiji kilichokimbia kikarudi

Maneno haya ni yenu, ndugu zetu mliokimbia vita, mnaosoma habari hizi kwenye simu za watoto wenu.

Wiki iliyopita mama mmoja aliyetoka upande wa Mitwaba alinisimamisha katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Alikuwa anauza makala. Alinitambua kwa sauti. Akaniita mwanangu, kisha akanigombeza: "Mwanangu, radio yenu inataja kijiji chetu siku nyumba zinapoungua tu. Siku zingine zote hatupo?" Akaniambia wajukuu zake wamezaliwa hapa mjini. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanataja jina la avenue. Jina la mto wa kwao hawalijui.

Sikuwa na jibu. Ni kweli, sisi waandishi tumezoea kusema "pembetatu ya kifo" tukitaja Manono, Mitwaba na Pweto, kama vile pale hapakuwa na harusi, mavuno wala watoto wanaoogelea. Nilimnunulia makala, nikaenda. Lakini maneno yake yalinifuata hadi nyumbani, kwa sababu na mimi nina deni kama hilo.

Nkambo yangu, mama ya baba, alizaliwa Bunkeya. Ukitoka Lubumbashi unafika kwanza Likasi, kilomita 120 hivi, halafu unaacha lami na kushika barabara ya udongo kuelekea kaskazini, upande wa bonde la Lufira. Tangu majimbo yalipogawanywa mwaka 2015, Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba, teritware ya Lubudi. Ukiiona leo utasema ni kijiji kama vingine: nyumba za matofali na za udongo, mashamba ya mahindi na muhogo, baiskeli zilizopakiwa makala, mama wanaotwanga sombe jioni. Lakini miaka 140 iliyopita, mahali pale palikuwa mji mkuu wa sehemu kubwa ya Katanga.

Aliyeujenga alikuwa mgeni. Ngelengwa, ambaye dunia ilimjua kwa jina la M'siri, alitoka Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyekuja huku kutafuta shaba. Mtoto alifuata njia ya baba katika miaka ya 1850, na hakurudi. Wazee husimulia kwamba Bayeke walipokelewa vizuri na Basanga kwa sababu walikuwa na bunduki, na kwa sababu walijua namna ya kuwakinga watu na ndui. Walijua pia kuvuta shaba ikawa waya wa kutengenezea bangili. Kidogo kidogo mgeni akawa Mwami.

Bunkeya ikajaa watu. Misafara ilitoka pwani ya Mashariki na Waswahili na Waarabu, mingine ikatoka Bihé, upande wa Angola. Walileta vitambaa, baruti na bunduki; waliondoka na shaba, chumvi, pembe za ndovu, na watu. Hilo la mwisho tusilifiche. Wako waliofika Bunkeya wakiwa wamefungwa kamba, na wajukuu wao hawamsifu M'siri kama sisi. Nkambo alikuwa akisema: mfalme ni kama moto, anayepikia anaushukuru, aliyeungua anaulaani.

Wazungu nao wakaja. Wajerumani Böhm na Reichard walifika Katanga, na Böhm akafia huku mwaka 1884. Mwezi wa Februari 1886 akafika Arnot, mmisionari Mskoti. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alileta karatasi ya mkataba, M'siri akaikataa. Kisha tarehe 14 Desemba 1891 ukafika msafara wa Kapteni Stairs, Mkanada aliyetumwa kwa ajili ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wengi wa wapagazi na askari wake walikuwa watu wa Zanzibar na pwani. Stairs alitaka bendera ya Leopold ipepee Bunkeya. M'siri hakukubali kutawaliwa. Tarehe 20 Desemba, Kapteni Bodson alimpiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe akapigwa risasi na mtu wa M'siri, akafa pia.

Sehemu inayonigusa zaidi ni ile iliyofuata, na ndiyo ambayo shuleni hatukukaa nayo. Watu walitawanyika. Njaa ikaingia, mashamba yakabaki bila mtu, na hata msafara wa Stairs ulizika wengi. Mukanda-Bantu, mtoto wa M'siri, akaitwa chifu chini ya serikali mpya, naye akahamisha watu wake hadi Lutipisha, karibu na Lufira. Mji uliojaa misafara ukaota majani.

Kwa hiyo wazee wa nkambo yangu walikuwa wakimbizi wa vita. Waliondoka na vyungu kichwani kama mlivyoondoka ninyi. Na miaka baadaye Bayeke walirudi Bunkeya. Wangewezaje kurudi mahali pa majani matupu? Nafikiri ni kwa sababu jina halikupotea. Walioondoka wakiwa wakubwa waliwaambia watoto: hapa si kwetu, kwetu ni Bunkeya, mto ni huu, kaburi ni lile.

Mpaka leo, kila tarehe 20 Desemba, Bayeke hukusanyika pale kumkumbuka M'siri. Nilikwenda mara moja, kwa kazi. Ni wakati wa mvua. Tulisukuma gari kwenye matope mpaka viatu vikapotea. Nilirekodi ngoma, nikarekodi hotuba za wakubwa, nikatuma ripoti kwa wakati. Niliporudi Lubumbashi, nkambo aliniuliza kama mwembe fulani nyuma ya nyumba yao bado upo. Sikuwa nimeutafuta. Nikamwambia nitakuja Jumapili na mashine, aniambie yote vizuri. Jumapili ile nilikuwa na kazi, na ile iliyofuata pia. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Nina sauti za magavana na mawaziri kwenye mashine yangu. Sauti ya nkambo sina. Hilo ndilo deni langu.

Basi, mama yangu wa soko la Kenya, jibu langu ni hili. Mmekaa hapa miaka mingi, na sijui kama njia ya kurudi itafunguka kesho. Lakini jioni moja wiki hii, baada ya bukari, mwambie mjukuu mmoja afungue simu na arekodi. Usianze na vita. Anza na jina la mto. Sema nani alikuwa chifu, nani alikuwa jirani wa kushoto na wa kulia, watu walilima nini, walivua wapi, walizikwa wapi. Sema na yale ya aibu, maana kijiji bila aibu ni hadithi tu.

Halafu nileteeni. Nitapita sokoni Jumamosi asubuhi, na safari hii sitaahirisha. Kijiji chenu kitasikika kwenye radio siku ambayo hakuna nyumba iliyoungua.