Sahani Sita za Udongo

Mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii tumeifundisha miaka mingi hapa Buyenzi, mjini Bujumbura, na maana yake twaijua. Lakini kigae chenyewe hatukukifikiri hata siku tulipoagiza sahani.

Katika Burundi ufinyanzi ni kazi ya Watwa tangu kale. Hawatumii gurudumu: huviringa udongo wa bondeni ukawa kama kamba, wakaupandanisha kwa mkono, kisha huchoma vyombo uwanjani kwa nyasi na kuni. Tulimpelekea mama mmoja mchoro wa sahani bapa, mfano wa zile za dukani. Akatutahadharisha. Tukashikilia letu. Kati ya sita, nne zilipasuka, maana chombo bapa hukauka ukingoni kabla ya katikati, na udongo ukaukao husinyaa. Mbili zilizosalia zilinyonya mchuzi, kwa kuwa hazina ule utando wa kioo uzibao vitundu. Tulilipa zote sita; haya ilikuwa yetu.

Baadaye alituletea nyumbani bakuli la shauri lake mwenyewe: fupi, la mviringo, lenye kitako kipana, limesuguliwa kwa kokoto mpaka likang'aa. Tukapakulia humo ndagala, ugali kando, tukamkaribisha. Akasitasita mlangoni. Ndipo tulipokumbuka ya kwamba watu wengi wa nchi hii walikataa kula chombo kimoja na Watwa, ilhali chakula chao kilipikwa katika vyungu vya Watwa hao hao.

"Karibu, mama," tulirudia.

Akanawa, akaketi, akala nasi. Vigae vya zile nne tumeviweka darasani.