Tarehe Isiyotulia

Ndugu msomaji, deni huandikwa ili nyoyo zitulie. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqarah, aya ya 282, imetuamrisha tuliandike pamoja na muda wake. Basi itakuwaje iwapo hati yenyewe hubadili siku yake?

Ami yangu alimkopesha jirani yake fedha za kumalizia paa, zilipwe kwa miezi sita "tangu tarehe iliyo hapo juu". Hati ilipigwa chapa kwa kompyuta katika duka moja mtaani. Nakala ya jirani ikapotea. Akarudi dukani, akatolewa nyingine. Muda ulipowadia, ami akadai, naye jirani akashangaa, kwani kwa karatasi yake zilikuwa zimebaki wiki sita. Kila mmoja alishika hati yake, maneno ni yale yale, tarehe mbali mbali. Watu waliokuwa wakifuturu sinia moja wakawa hawaamkiani! Lililowapatanisha ni sahihi za mashahidi wawili, ambazo zilikuwa katika karatasi ya ami peke yake.

Wala hapakuwa na mwizi. Katika programu ya Microsoft Word, mtu anapoingiza tarehe huoneshwa kisanduku kidogo. Akikitia alama, tarehe ile haiwi maandishi tena, bali huwa amri ya kuisoma saa ya kompyuta. Waraka ukifunguliwa au ukipigwa chapa siku nyingine, husema "leo". Kwa barua ambayo bado inatungwa, jambo hili ni msaada mwema. Kwa hati ya deni, wasia au talaka, ni balaa.

Wanahistoria wameeleza kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa hati ya deni iliyoandikwa Shaaban bila ya mwaka, akauliza: Shaaban ipi? Yasemwa kuwa hilo ni miongoni mwa mambo yaliyoleta hesabu ya Hijra, yapata mwaka wa 17. Yeye alikosa mwaka. Sisi tunao mwaka, mwezi na siku, nazo zinakimbia.

Enyi vijana mnaowaandikia wazee wenu, dawa yake ni nyepesi. Iandikeni tarehe kwa vidole vyenu, herufi kwa herufi. Na ikiwa imekwisha kuingizwa kwa amri ile, iteueni, kisha bonyezeni Ctrl, Shift na F9 kwa pamoja: itageuka maandishi ya kawaida, wala haitahama tena. Lakini itazameni kwanza, kwani itakayoganda ni ile inayoonekana wakati huo.