Gitaa la babu wa Ihanja
Basi bwana, Ihanja, kule Ikungi, Singida, nilifuata alizeti, nikaishia kushangaa gitaa la umeme la zamani. Halina tundu, ni ubao mzima mzito, na rangi imebanduka pale mkono unapoegemea.

"Shikamoo babu. Mbona halilii?"

"Marahaba. Umeme umekatika, mjukuu wangu."

Mtikisiko wa nyuzi za chuma hunaswa na sumaku zilizozungushiwa waya wa shaba. Bila amplifaya linanong'ona tu! Nikainamisha sikio. Solo tupu, mtindo wa enzi za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979.

Mwanawe anataka liuzwe, eti linakaa bure. Mzee hakumjibu. Alikaza uzi wa kwanza, ukakatika. Akaendelea na tano zilizobaki.